Usimwachie Mtoto

9 Februari

Dada,

Hakuna aliyekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ukiona bahasha yenye mwandiko wangu unatafuta kwanza pa kushika.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na hili nikikatizwa sitalirudia.

Unakumbuka mwaka jana nilikwambia jicho la kulia limeingia ukungu, ukasema nipunguze kushona kwa taa? Ukungu ule uliondoka wenyewe baada ya wiki tano, nikasema Dada kanena. Kisha ukaja mkono. Vidole vitatu vya kulia vikawa kama vimevaa glavu. Nagusa chaki siisikii. Nashika mkasi, na ni macho tu yananiambia kuwa nimeushika. Nikanyamaza. Mkataji wa nguo asiyesikia vidole vyake akisema kiwandani, amejiachisha kazi kwa mdomo wake mwenyewe. Mwezi wa kumi na mbili mguu nao ukajiunga, nikawa nauburuta kama ndara iliyokatika kamba. Hapo shemeji yako akanikokota hospitali.

Wameniingiza kwenye pipa la kupiga picha za kichwa na mgongo, linagonga utadhani mafundi bati wanagombana ndani. Wamenitoa maji mgongoni. Alhamisi iliyopita daktari akatuita wawili, na daktari akikuita pamoja na mumeo ujue si habari ya minyoo.

Ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi. Nilimwomba aniandikie kwenye karatasi, maana kichwani haukuingia. Alinieleza hivi: mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme, ina ganda lake. Askari wa mwili, wale wanaotupigania tukipata mafua, wamechanganyikiwa na wanalitafuna lile ganda. Palipotafunwa panabaki kovu. Nina makovu sita kichwani na mawili kwenye uti wa mgongo. Hauambukizi. Dawa ya kuuondoa hakuna, ya kuuchelewesha ipo. Unaweza kulala miezi, ukaamka siku usiyoitegemea.

Unataka kujua kama nililia. Nilimuuliza daktari kama nitaruhusiwa kuendelea kula pilipili. Yeye akacheka, shemeji yako akacheka, nami nikacheka. Tulipofika kwenye ngazi za hospitali nikakaa chini nikashindwa kunyanyuka, na haikuwa kwa sababu ya mguu.

Sasa swali langu. Daktari aliuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuumwa miguu. Nikasema Mama. Akauliza Mama aliumwa nini. Nikajikuta mtu mzima wa miaka thelathini na minne na sijui mama yangu aliumwa nini. Alipofariki nilikuwa na miaka saba. Wewe ndiye uliyemuuguza. Aliumwa nini, Dada?

Kiwandani sijamwambia mtu. Binti naye hajui. Ana miaka sita, atajua nini.

Mdogo wako,
Kitinda


27 Februari

Kitinda,

Barua nimeipata.

Kwanza, tafuta daktari wa pili. Siku hizi wakikosa jina la ugonjwa wanaazima la Kizungu. Pili, dawa unywe kwa saa zake, si unapokumbuka. Tatu, usikae unajisikiliza. Mimi nina wasichana mia mbili na kumi bwenini, na kila asubuhi ya mtihani wa hesabu thelathini kati yao wanaumwa tumbo. Wananiita Kipimajoto, wanadhani sijui. Miaka yangu yote ya umatroni imenifunza kwamba yapo maradhi yanayopenda kubembelezwa. Ukiyabembeleza yanahamia.

Kuhusu Mama: alikuwa na presha. Miguu ilikuwa uchovu wa maisha tu. Hakuna cha kumwambia daktari hapo. Mwache Mama apumzike.

Huku bomba la jikoni limepasuka, tumekuwa tukichota kwa ndoo wiki nzima. Nimemtumia binti sweta. Kama mikono ni mirefu, ikunje, atakua.

Msalimie shemeji.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Sweta limefika, na mikono imezidi kwa kipande cha kumvika mtoto wa pili.

Barua yako niliisoma hadi chai ikapoa. Shemeji yako akauliza umesema nini. Nikamwambia umetusalimu.

Jumapili niliamka na ule uchovu ambao usingizi hauufikii. Nikasema nioge maji ya moto sana, mwili ulegee. Ulilegea kweli. Nilipotaka kutoka bafuni miguu haikuwepo. Yaani nilikuwa naiona, lakini ilikuwa hainijui. Jicho nalo likarudi kwenye ukungu. Nikakaa sakafuni na taulo, nikiogopa kumwita mume wangu na nikiogopa kutomwita. Baada ya robo saa mwili ulipopoa, miguu ikarudi kama watu waliokuwa wamekwenda dukani. Daktari anasema ndivyo ulivyo: waya uliochunika ukipata joto haupitishi umeme vizuri. Asubuhi huwezi kusimama, jioni unakwenda sokoni, na hakuna anayekuamini.

Pale sakafuni nilimkumbuka Mama. Nilikukumbuka na wewe ukimkanda miguu kwa maji ya moto kila asubuhi, chumba kimejaa mvuke, mimi nimekaa kizingitini. Baada ya kukandwa alikuwa akilala kama nguo iliyoloweshwa, na jioni anakaa, anacheka. Namkumbuka pia akisoma huku amefunga jicho moja kwa kitambaa. Najitungia, au ilikuwa hivyo? Presha haifanyi mambo hayo, Dada. Nimeuliza.

Kuna na lingine, na hili hata shemeji yako halijui. Tunakata suruali za sare, tabaka sitini za kitambaa kwa mkupuo mmoja. Mashine ya kukatia inaongozwa kwa mkono wa kulia. Wiki iliyopita vidole vyangu vilipotea katikati ya mstari, mashine ikaingia ndani. Vipande sitini vimeharibika. Msimamizi akaja mbio. Kabla sijafungua kinywa, akamgeukia mwenzangu anayetandaza kitambaa mezani, mama mtu mzima tunayemwita Bi Rula, maana hatandazi, ananyoosha. Akamfokea: "Umetandaza ovyo, kitambaa kimehama!" Bi Rula akanitazama mimi, ili niseme. Nikaitazama chaki yangu.

Wamemtoa mezani. Sasa anafagia vipande chini ya mashine. Kila asubuhi ananipita na ufagio wake, ananiambia, "Umeamkaje, mwanangu," nami namjibu salama.

Nijibu, Dada. Hata kwa mstari mmoja.

Kitinda


2 Aprili

Dada,

Hujajibu. Simu yako inaita mpaka inachoka. Nilipiga ofisi ya shule wakasema u mzima, unafoka kama kawaida.

Basi niseme mimi, maana nadhani ninajua kwa nini umenyamaza.

Juzi binti alinikuta nimekaa kitandani naupigapiga mguu. Akaniuliza, "Mama, unaumwa kwa sababu siku ile nilikataa kutembea ukanibeba kutoka shule?" Nilimwambia hapana. Nilimwambia mara kumi. Akawa anaitikia kwa adabu, "Ndiyo, Mama," na uso wake umebaki vilevile. Uso ule naujua. Niliutembeza mimi miaka mingi na hakuna aliyeuona, labda wewe.

Siku Mama alipoanguka, mkongojo wake ulikuwa kwangu. Sikumbuki kuuchukua asubuhi ile, lakini siku nyingi niliuchukua nikaupanda kama farasi, na siku ile ulikutwa uani nilipokuwa nikicheza. Jirani alipouliza mkongojo uko wapi, wewe ulisema, "Mtoto huwa anauchezea." Wote wakageuka kunitazama. Mwanamke mmoja akasema, "Maskini, hajui alifanyalo." Nilijua, Dada. Tangu dakika ile nilijua. Hukunichapa kwa hilo, wala hukulitaja tena hata tulipogombana, na unavyojua kugombana. Nilisema Dada ana huruma, ananifichia.

Daktari aliponiambia huenda baadaye nitahitaji fimbo ya kutembelea, wazo la kwanza kunijia halikuwa kazi wala mtoto. Nilijisemea: ndiyo, imefika ya kwangu. Nilimnyang'anya mama yangu miguu, nami nanyang'anywa. Malipo ni hapa hapa duniani.

Kama nawe ndivyo unavyoona, sema tu. Sitakuchukia. Ninachoshindwa ni huku kunyamaza.

Kitinda


11 Aprili

Kitinda,

Hukuuchukua. Mkongojo niliuchukua mimi.

Nimeianza barua hii mara nne, na kila mara nimejikuta najitetea, nikaichana. Safari hii nimeliweka hilo mbele, ili hata nikija kujitetea liwe limeshatoka.

Nilikuwa na miaka ishirini. Baba alikuwa ameshafariki, wewe mdogo, Mama kitandani. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimeniandikia mara ya pili: usiporipoti mwezi huu nafasi anapewa mwingine. Barua niliificha chini ya godoro, nikawa nailalia. Mama angekuwa amelala moja kwa moja ningejua nauguza mgonjwa, basi. Lakini Mama alikuwa na siku zake. Asubuhi namgeuza kama gunia, jioni anafika mwenyewe mezani. Kuna siku nilirudi kutoka dukani nikamkuta amesimama dirishani peke yake, anatazama wapita njia, anatabasamu. Akaniambia, "Leo imekubali." Mtoto mwema angefurahi. Mimi niliona nimefanywa mjinga. Nikajisemea, kumbe anaweza. Kumbe nimeacha maisha yangu kwa ajili ya mtu anayeweza.

Kuanzia siku hiyo nikawa namvizia. Nikimpa uji namtazama mikono, nikitoka nageuka ghafla. Kipimajoto hakuzaliwa bwenini, mdogo wangu. Alizaliwa chumbani kwa Mama.

Asubuhi ile nilimkanda kwa maji ya moto kuliko siku zote. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa imevaa nguo za huduma, mtu angeniona angesema binti huyu anamjali mama yake. Nilipomaliza nikauweka mkongojo juu ya kabati. Kiti nikakisukuma hadi ukutani. Nikamwambia, "Aliyefika dirishani atafika mlangoni. Nikimaliza kuanika nikukute mlangoni."

Akasema, "Mwanangu, leo haijakubali."

Nikasema, "Leo itakubali."

Nikatoka. Nilianika shuka la kwanza, nikaanika la pili. La tatu nilikuwa nimelikamua, sijalitundika, niliposikia kishindo.

Alianguka hatua mbili kutoka kitandani, nyonga ikagonga pembe ya sanduku. Hakulia. Aliniangalia kutoka pale chini akasema, "Nilijaribu."

Majirani walikuwa wanakuja, nawasikia. Nilipanda juu ya kitanda, nikauteremsha mkongojo, nikautupa uani kupitia dirishani. Wewe ulikuwa huko unapanga mawe yako. Jirani alipouliza, nikayasema maneno yale matatu. Mama aliyasikia. Akanitazama, akafumba macho.

Aliishi siku thelathini na nane. Hakunitaja kwa mtu yeyote. Mara moja tu, nilipokuwa namgeuza, alinishika kifundo cha mkono akasema, "La kwangu nimelisamehe. Lakini usimwachie mtoto." Nikamwahidi.

Nilisema nitakwambia ukifika miaka kumi. Ukafika. Nikasema ukimaliza shule. Ukamaliza, ukaolewa, ukazaa, na siku uliyozaa nilikuwa pembeni ya kitanda chako, nikafungua kinywa, nikakuuliza kama unataka supu. Watu husema nilijitoa mhanga kwa ajili yako, hata mume sikutaka. Waache waseme. Mtu anaweza kujificha nyuma ya mtoto kama anavyojificha nyuma ya mlango.

Ulipoandika kuhusu jicho, nilijua kabla sijageuza ukurasa. Mama alikuwa na jicho hilo. Alikuwa na vidole hivyo, alivunja vikombe hadi nikawa nampa cha bati. Alikuwa na mguu huo, na uchovu huo, na baada ya maji ya moto alikuwa vilevile ulivyokuwa sakafuni. Nikaandika presha. Kama Mama alikuwa mgonjwa kweli, basi mimi nilimfanya nini? Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kuwa angalau kidogo alikuwa anajifanya. Nilikuwa nimebakiwa na hicho tu. Barua yako ilikichukua, na mimi nikakuadhibu kwa kunyamaza.

Mwambie daktari niliyoyaandika hapo juu. Mwambie yalianza Mama akiwa na miaka thelathini hivi.

Na mwambie binti kwamba si yeye. Usichoke ukifika mara kumi.

Sikuombi kitu.

Aliyekuwa dada yako, kama utaliruhusu neno hilo


20 Mei

Kitinda,

Ni wiki ya sita. Shemeji alipokea simu mara moja akaniambia, "Anapumua, Dada. Mwache." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua. Sawa. Sijaandika ili unijibu.

Wiki jana msichana mmoja wa kidato cha pili aligoma kuamka. Anasema miguu haimsikii. Wenzake wamejipanga mstari kando ya vitanda wanasubiri kuona Kipimajoto atafanya nini. Maneno yalikuwa tayari ulimini: simama, vaa, twende. Nikajikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Nikamuuliza ilianza lini. Nilikaa hadi kengele ya pili ikalia.

Usinihesabie. Hakuwa anaumwa chochote. Alikuwa anaogopa mtihani, amekiri mwenyewe baada ya saa moja. Nimekuandikia tu ili ujue kwamba hata hivyo nilikaa, na kwamba nimechelewa kwa miaka ishirini na saba.

Natumaini dawa unapata.

Mimi


8 Juni

Dada,

Neno nimeliandika, usianze kulipima.

Barua yako ya Aprili ilifika Jumatano. Ijumaa nililazwa. Miguu yote miwili iligoma mpaka kiunoni, wakanitundikia dripu siku tano. Kabla hujalikimbilia hilo nalo liwe lako: nilimuuliza daktari kama ni barua iliyonilaza, akasema ugonjwa huu hausomi barua, huenda ungeamka tu, hakuna ajuaye. Kwa hiyo liache. Una ya kutosha.

Sasa natembea. Taratibu, lakini natembea, na ninayo fimbo. Mume wangu aliileta imefungwa kwenye gazeti kama samaki, akaona haya kunipa.

Nataka nikwambie ulichofanya, kwa sababu umenieleza uliyomfanyia Mama, ya kwangu hujayasema. Nilipokuwa mtoto nililala mikono nikiilalia, ili isiamke ikachukua kitu cha mtu. Ulikuwa unanikemea kwa kulala vibaya. Sikuwahi kumshika mzee mkono kuvuka barabara. Binti alipozaliwa, wiki nzima nilimwambia mume wangu anipakatie yeye, nikisingizia mshono unauma. Nilichagua kazi ya kukata kwa kuwa kitambaa hakivunjiki nyonga. Hayo ndiyo maneno yako matatu.

Na ulinilea vizuri. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya yote. Ungekuwa mama wa kambo wa kwenye hadithi ningekuchukia nikamaliza. Lakini nikikuchukia nakukuta huko huko ndani, unanifunga kamba za viatu.

Sasa la kiwandani. Siku nilipopata nguvu za kurudi kazini nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, nikamwambia mkono ulikuwa wangu, ugonjwa ni huu, Bi Rula hakukosea. Akasema angalau ningemwambia kabla ya vipande sitini. Kisha nikamfuata Bi Rula. Alikuwa ameinama chini ya meza na ufagio. Nikamweleza nikiwa nimesimama, akanisikiliza akiwa ameinama.

Akauliza, "Tangu lini unajua?"

Nikasema, "Tangu siku ile ile, mama."

"Wiki ngapi hizo?"

"Kumi na moja."

Akasema, "Nilikuwa nakusalimia kila siku." Akaendelea kufagia.

Jumatatu walimrudisha mezani. Mimi wamenitoa kwenye mashine, nachora vipimo kwenye karatasi, nimekaa kwenye kiti kirefu karibu na feni. Kazi si mbaya. Bi Rula haniongeleshi ila kwa jambo la kazi. Sidhani kama itabadilika, na sijui kama inapaswa kubadilika.

Kwa hiyo usifikiri nimekaa juu ya paa nakutazama kwa chini. Nilikuwa na mdomo mzima kwa wiki kumi na moja na sikuutumia. Sasa najua jinsi kunyamaza kunavyoanza: unasema nitasema kesho, na kesho mtu anakusalimia vizuri, inakuwa vigumu zaidi. Najua. Kujua hakujanifanya nikusamehe.

Daktari nimemsomea uliyoyaandika kuhusu Mama. Akasema inaelekea, ila bila picha hatutajua kamwe. Huwa haurithiwi kama pua, lakini katika nyumba nyingine hutokea kwa zaidi ya mmoja. Nikamuuliza kuhusu binti. Akasema uwezekano ni mdogo. Nimeushika huo udogo kwa mikono yote miwili.

Mama alilisamehe la kwake. La kwangu liko kwangu bado, na sitalitoa kwa kukimbizwa.

Likizo ya Agosti njoo. Usije kuuguza. Ngazi zetu ni ishirini na mbili, nazipanda kwa mwendo wangu. Ukinishika kiwiko bila kuombwa, utarudi na basi la jioni.

Kitinda


16 Juni

Kitinda,

Nitafika tarehe nne Agosti. Kiwiko sitakigusa.

Dada


2 Septemba

Dada,

Miwani yako ya kusomea iko hapa, umeiacha juu ya redio. Sijui umeisomaje barua hii. Pengine umemwita mmoja wa wasichana wako, na kama ni hivyo, wewe msichana unayemsomea, mpe barua mwenyewe na uende zako.

Wakati ulipokuwa hapa sikusema mengi, nawe hukuniuliza. Siku tatu za kwanza mume wangu alikuwa akitutazama kama mtu aliyeweka paka wawili kwenye kikapu kimoja. Tulizungumza habari za vitunguu. Ulipanda ngazi nyuma yangu, na kila nilipotua kupumua nawe ulitua, ukajifanya unatazama ukuta. Ukuta ule hauna kitu, Dada. Nilitaka kucheka, lakini bado nilikuwa na hasira.

Ninachotaka kukiandika ni ile Alhamisi. Niliamka haijakubali. Si mguu mmoja, yote miwili, na jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Mume alishakwenda kazini, binti yuko kwa jirani anacheza. Ulikuja mlangoni ukaona. Niliiona mikono yako inatafuta kazi, shuka la kunyoosha, mto wa kuinua, chochote. Nikasema moyoni, haya, akiniambia nijaribu, namfukuza.

Ukauliza, "Nifanye nini?"

Sijawahi kukusikia ukiuliza swali hilo tangu nizaliwe. Nikakwambia, "Hakuna."

Ukaja ukakaa kwenye kiti, mikono mapajani, ukafanya hicho hakuna mpaka saa nne na nusu. Niliona jasho linakutoka. Wakati fulani ulilia bila sauti na hukujipangusa, nadhani uliogopa kujipangusa kungehesabiwa ni kazi. Miguu iliporudi nilikwambia, "Sasa nisaidie." Ukanisaidia. Hatukulizungumzia, nikafurahi kwamba hatukulizungumzia.

Sijui huko kunaitwaje. Msamaha bado sijauona ukija. Ila tangu uondoke nimegundua nalala mikono ikiwa nje ya shuka.

Sasa sikiliza. Binti ametimiza miaka saba wiki iliyopita. Jana alikuwa anapanga picha za ukoo kwa kazi ya shule, akafika kwenye ile ya Mama. Akauliza, "Bibi alikufa na nini?" Nikafungua kinywa niseme alianguka tu, kama tulivyozoea kusema. Nikakifunga. Mtoto ameanza kuniamini kwamba si yeye aliyeniletea ugonjwa. Nimelipata kwa shida, sitaliharibu kwa uongo mwingine hata kama ni mdogo na una miaka ishirini na saba.

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa mtoto kama wewe. Aliyekuwepo ni Mama Mkubwa. Akija Desemba, muulize yeye."

Ameliandika swali kwenye daftari lake ili asisahau. Atakuuliza kabla hujavua viatu, unamjua. Mweleze kwa maneno ya mtoto wa miaka saba, lakini yawe ya kweli yote, mpaka juu ya kabati. Sitakusaidia, wala sitakukatiza. Nitakuwa jikoni, na mlango nitauacha wazi.

Mdogo wako,
Kitinda